Siku kumi na sita za Beeper Mini: kisa cha kuingia iMessage bila iPhone

Tarehe 5 Desemba 2023 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Beeper ilitoa programu ya Android iliyofanya jambo ambalo Apple ilikuwa imelikataa kwa zaidi ya muongo mzima. Ilimwingiza mwenye Android ndani ya iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, kwa namba yake mwenyewe ya simu, bila iPhone, bila Mac (kompyuta ya Apple), bila hata akaunti ya Apple. Programu iliitwa Beeper Mini na ada yake ilikuwa dola 1.99 kwa mwezi. Kwa hesabu ya kampuni yenyewe, siku mbili hazijaisha watu zaidi ya 100,000 walikuwa wameshaipakua. Ijumaa ya tarehe 8 ikazimika. Kufikia tarehe 21 Beeper walikuwa wanawaambia wateja wao watafute iPhone kuukuu, waivunje kufuli za mfumo wake, waiache imechomekwa kwenye umeme nyumbani, ndipo Android yao ipate kutuma ujumbe.

Wengi walikisimulia kisa hiki kama pambano la mnyonge na jitu, na ni kweli kina sura hiyo. Ila ukikitazama kwa karibu utaona kwamba Beeper walilitatua vizuri sana tatizo gumu, lile la kufumba ujumbe kwa usimbaji fiche na kuzungumza na seva za Apple, wakaja kuangushwa na jambo linaloonekana dogo: namba ya usajili ya kifaa. Huo ndio upande ninaotaka kuuchambua, kwa sababu kila programu ya aina hii itakayokuja itafika kwenye kona ileile.

Kwa nini mtu ajisumbue

Aliyezoea WhatsApp anaweza kuuona ugomvi huu kama wa kitoto. Marekani mambo ni tofauti. Pale watu wengi hutumia programu ya ujumbe iliyokuja na simu, basi. Kwenye iPhone programu hiyo inaitwa Messages, na tangu Oktoba 2011, ilipotoka iOS 5, ina njia mbili ndani yake. Ukimwandikia mwenye iPhone mwenzako, ujumbe hupita iMessage na huonekana kwenye kiputo cha bluu. Ukimwandikia mwenye Android, simu hurudi kwenye ujumbe wa kawaida wa mtandao wa simu, SMS kwa maneno na MMS kwa picha, na kiputo huwa cha kijani.

Rangi peke yake isingemkera mtu. Tabu ni yale yaliyokuwa yakija nayo. Video ilifika imebanwa mpaka sura ya mtu haitambuliki. Mwenzako akibonyeza alama ya moyo kwenye ujumbe wako, wewe wa Android ulipokea ujumbe mwingine kabisa wa kukuarifu kwamba ameipenda sentensi fulani, na sentensi yenyewe imenukuliwa nzima. Gurupu la wenye iPhone likiongezwa mwenye Android mmoja tu, gurupu zima lilishuka daraja: picha zikaharibika kwa wote, na wote wakajua ni kwa sababu ya nani. Katika uchunguzi wa benki ya uwekezaji ya Piper Sandler wa mwaka 2023, asilimia 87 ya vijana wa Marekani waliohojiwa walisema wana iPhone. Katika kundi la namna hiyo, yule mmoja hana pa kujificha.

Jambo moja la kukumbuka, maana tutalirudia: ujumbe wa bluu umefumbwa mwisho hadi mwisho, hakuna anayeusoma njiani. SMS ya kijani haina ulinzi huo.

Apple hawakuwa wamesahau kuipeleka iMessage kwenye Android. Barua pepe zilizofichuliwa kwenye kesi yao na Epic Games, watengenezaji wa michezo ya video, mwaka 2021 zinaonyesha kwamba mwaka 2013 Eddy Cue, mmoja wa vigogo wa kampuni, alitaka ipelekwe. Craig Federighi, mkuu wa programu, alijibu kwamba hatua hiyo ingeondoa tu kikwazo kinachozuia familia zenye iPhone kuwanunulia watoto wao Android. Mwaka 2016 Phil Schiller, aliyekuwa mkuu wa masoko, naye aliandika kwamba kuihamishia Android kungewaumiza kuliko kuwafaa. Na Septemba 2022, mtu mmoja kwenye mkutano alipomlalamikia Tim Cook, mkuu wa Apple wakati huo, kwamba video anazomtumia mama yake hazionekani vizuri, Cook alimwambia amnunulie mama iPhone. Ukuta ulijengwa kwa makusudi, na waliojenga waliandika sababu zao kwa mikono yao.

Waliotangulia walipitia Mac ya mtu mwingine

Kabla ya Beeper Mini, njia karibu zote zilikuwa moja: mahali fulani kuna Mac halisi iliyoingizwa akaunti yako ya Apple, inapokea ujumbe wako na kukurushia kwenye Android. BlueBubbles na AirMessage hufanya hivyo kwa Mac iliyo nyumbani kwako. Hiyo ni njia safi, maana Mac ni yako na funguo hazitoki mikononi mwako. Ugumu ni kwamba lazima uwe na Mac, na iwe inawaka muda wote.

Hatari ilianza pale kampuni ziliposema, usihangaike, Mac tunazo sisi. Novemba 2023, wiki chache tu kabla ya Beeper Mini, watengenezaji wa simu za Nothing walitangaza Nothing Chats, iliyotegemea mitambo ya kampuni ya Sunbird. Mteja alitakiwa kuwapa akaunti yake ya Apple na nywila. Waliahidi kwamba ujumbe umefumbwa mwisho hadi mwisho. Wachunguzi wa nje walipoifungua wakakuta ujumbe na picha vinapita na kuhifadhiwa kwa namna inayosomeka, kwenye hifadhidata ambayo mtu mwenye ujuzi kiasi angeweza kuichungulia. Programu iliondolewa dukani siku moja tu baada ya kuwekwa.

Beeper wenyewe walikuwa na programu ya zamani ya kuunganisha mitandao mbalimbali ya ujumbe mahali pamoja, na upande wa iMessage ilipitia mashine za Mac. Kwa hiyo walipoamua kuachana na upitishaji, walijua wanachokikimbia.

Ilifanyaje kazi

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Ili simu ya Apple itume iMessage inahitaji mambo matatu. La kwanza ni kuunganishwa na huduma ya arifa ya Apple, ileile inayoleta arifa za programu zote kwenye iPhone. La pili ni kuandikwa kwenye rejista ya utambulisho, ambamo namba ya simu au barua pepe yako imefungwa pamoja na funguo za wazi za kila kifaa chako, yaani zile ambazo wengine huzitumia kukufumbia ujumbe. Ukimwandikia mtu mwenye iPhone, iPad na Mac, simu yako huuliza rejista, hupewa funguo za vifaa vyote vitatu, kisha huufumba ujumbe huohuo mara tatu, kila kifaa kwa ufunguo wake.

La tatu ndilo lenye kesi. Rejista haimwandiki kila abishaye hodi. Kifaa lazima kilete kipande cha data ya uthibitisho, kinachotengenezwa na msimbo wa Apple uliovurugwa kwa makusudi ili usisomeke, na ndani yake zimo alama za kifaa chenyewe, ikiwemo namba yake ya usajili. Kwa miaka mingi watu waliishia hapo.

Aliyepenya alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa Marekani mwenye umri wa miaka 16. Hakujaribu kuusoma ule msimbo uliovurugwa. Aliuchukua kutoka toleo la kale la mfumo wa Mac akauendesha mzima mzima ndani ya kompyuta ya kuigiza, yaani programu inayojifanya kompyuta, akiulisha alama za Mac na kupokea jibu ambalo seva za Apple zililikubali. Kazi yake aliiweka hadharani kwa jina la pypush. Ninavyoona mimi, huo ni ujanja wa hali ya juu: kufuli usiloliweza, mwache mwenye kufuli alifungue mwenyewe bila kujua yuko wapi.

Beeper wakajenga juu ya msingi huo. Ulipoifungua Beeper Mini mara ya kwanza, simu yako ilituma SMS kwenye lango la Apple, jambo ambalo iPhone hulifanya kimyakimya inapowashwa na laini mpya. Apple ikajibu kwa kuthibitisha kwamba namba ni yako, na hapo rafiki zako wa iPhone wakakuona bluu. Funguo zilitengenezwa na kubaki ndani ya simu yako, na ujumbe ulitoka kwenye simu moja kwa moja hadi seva za Apple. Beeper walibaki na kazi ya kuiamsha programu ujumbe unapoingia, kazi isiyohitaji kujua ndani kumeandikwa nini. Ukilinganisha na Nothing Chats, ni mbingu na ardhi.

Lakini ile data ya uthibitisho ilitoka wapi, ikiwa mteja hana Mac? Ilitoka kwenye Mac za Beeper wenyewe. Baadaye kampuni ilieleza wazi kwamba maelfu ya watumiaji walikuwa wakitumia data ileile ya usajili (ndiyo hiyo ya uthibitisho), na kwamba hilo ndilo lililowafanya wawe shabaha rahisi. Ni sawa na watu elfu moja kufika kituo kimoja cha ukaguzi, kila mmoja anazungumza lugha ya pale bila kigugumizi, na wote wameshika nakala ya kitambulisho kimoja. Mkaguzi hana haja ya kupima lafudhi ya mtu.

Siku zenyewe

Ijumaa ile watumiaji walianza kuona taarifa kwamba ombi la kuitafuta namba kwenye seva limepitwa na muda. Kesho yake Apple ikatoa kauli: imechukua hatua za kulinda watumiaji wake kwa kuziba mbinu zinazotumia utambulisho wa bandia kuingia iMessage, mbinu ambazo kwa maelezo yake zingeweza kufichua taarifa za nani anawasiliana na nani na kufungua njia kwa ujumbe taka na ulaghai.

Tarehe 11 Beeper walirudi, wakiwa wamepungukiwa. Usajili kwa namba ya simu haukufanya kazi tena, kila mtu alilazimika kuingia kwa akaunti ya Apple na kuonekana kwa barua pepe. Ada wakaifuta. Siku mbili baadaye sehemu ya watumiaji wakaacha kupokea ujumbe. Kisha wengi zaidi. Suluhisho lililofuata lilikuwa kumtaka kila mteja atoe data ya usajili kutoka Mac yake mwenyewe, au ya rafiki, na Beeper wakasema data ya Mac moja inaweza kutumiwa na watu kati ya 10 na 20 bila wasiwasi. Kila tengenezo liliirudisha programu hatua moja kuelekea kule ilikotoka: akaunti ya Apple, halafu Mac, halafu iPhone kuukuu ya toleo la 6 hadi X kwa anayetaka namba yake. Tarehe 21 walitangaza kwamba njia hiyo ikizibwa hawatajibu tena, wakauachia umma msimbo wa sehemu inayounganisha na iMessage.

Januari 2024 yakaja malalamiko mabaya zaidi. Baadhi ya waliotoa data ya Mac zao walisema Mac hizo zimefungiwa iMessage kabisa. Hasara ilikuwa imehama kutoka kwa kampuni hadi kwa mwenye kompyuta.

Je, Apple walikuwa na haki?

Nusu. Hoja ya utambulisho wa bandia si porojo. Rejista inayokubali kifaa kisichokuwepo itawakubali pia watuma ujumbe taka kwa maelfu, na kulazimika kuwa na kifaa cha mamia ya dola ni moja ya sababu ujumbe taka kwenye iMessage ni ghali kuutuma. Mhandisi wa usalama anayeona namba moja ya usajili inaingiza umati asipoifunga, hafanyi kazi yake.

Ila ile hoja ya faragha haisimami vizuri. Kabla ya Beeper Mini, mazungumzo ya iPhone na Android yalipita wazi kwenye SMS. Wakati wa Beeper Mini yalifumbwa. Baada ya kuizima yakarudi wazi. Mwenye iPhone, mteja wa Apple mwenyewe, ndiye aliyepoteza ulinzi kila alipomwandikia jamaa yake wa Android. Na kama nia ingekuwa kulinda watumiaji wote, njia ilikuwepo tangu 2013, nayo ni kuandika programu ya Android. Barua pepe zao zinaeleza kwa nini hawakuandika.

Kisheria Apple haikwenda mahakamani dhidi ya Beeper. Sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya mwaka 1998, kifungu cha 1201(f), inaruhusu kuifumbua programu kwa ajili ya kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi nayo. Kama ingeikinga Beeper ni suala ambalo hakuna jaji aliyeulizwa. Hapakuwa na haja: mwenye seva anaweza kubadili masharti usiku mmoja bila kumwita wakili.

Hili lilishatokea, na safari ile aliyekuwa nje hakuwa mnyonge. Julai 1999 Microsoft walitoa MSN Messenger yenye uwezo wa kuzungumza na watumiaji wa AOL Instant Messenger, programu ya ujumbe ya kampuni ya AOL. AOL wakaziba, Microsoft wakarekebisha, wakazibiwa tena, wakarekebisha tena, kwa miezi. Mwishowe AOL walitumia hitilafu ya kumbukumbu iliyokuwa ndani ya programu yao wenyewe: seva ilituma kipande cha msimbo ambacho programu halisi tu, kwa sababu ya kasoro yake, ingekiendesha na kujibu. Microsoft walikuwa na fedha na wahandisi wa kumwaga, na Novemba mwaka huo wakaacha. Aliyekuja kuwabana AOL ni serikali: Januari 2001, ilipokubali AOL iungane na kampuni ya habari na burudani ya Time Warner, tume ya mawasiliano ya Marekani iliweka sharti la kuufungua mtandao huo kwa washindani kabla ya kuongeza huduma za video.

Yaliyofuata

Beeper Mini nayo ilisikika zaidi nje ya simu kuliko ndani yake. Seneta Elizabeth Warren aliitetea hadharani. Kabla Desemba haijaisha, maseneta Amy Klobuchar na Mike Lee pamoja na wabunge Jerry Nadler na Ken Buck, wawili kutoka kila chama, waliiandikia Wizara ya Sheria. Tarehe 21 Machi 2024 wizara hiyo iliishtaki Apple kwa kuhodhi soko la simu janja, na suala la ujumbe limo katika mashtaka, pamoja na lile jibu la Cook kuhusu mama na iPhone. Juni 2025 jaji alikataa ombi la Apple la kuifuta kesi. Ulaya ilikwenda kinyume: Februari 2024 Tume ya Ulaya iliamua kwamba iMessage haistahili kuwekwa chini ya masharti ya sheria yake ya masoko ya kidijitali.

Aprili 2024 Automattic, kampuni iliyo nyuma ya WordPress.com, iliinunua Beeper kwa dola milioni 125. Si mwisho mbaya kwa waliopoteza.

Upande wa mtumiaji wa kawaida, kilichobadilisha hali ni RCS, mrithi wa SMS. Apple ilitangaza kuikubali Novemba 2023, wiki tatu kabla ya Beeper Mini kutoka, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba Beeper ndio walioisababisha. Ilifika kwenye iPhone Septemba 2024 na iOS 18: video sasa inaonekana, alama za moyo zinakaa mahali pake, gurupu halivunjiki. Haikuja na usimbaji fiche kati ya iPhone na Android. Machi 2025 chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilichapisha kiwango chenye usimbaji huo na Apple ikasema itakiunga mkono.

Anayetaka iMessage yenyewe bila kubeba iPhone bado ana njia. BlueBubbles inaendelea, na OpenBubbles imechukua wazo la Beeper Mini kwa sharti kwamba alama za Mac uzilete wewe. Zote zinarudi kwenye swali moja, ambalo ningemwuliza kila anayetangaza njia mpya kabla sijaisakinisha: data ya usajili ni ya kifaa cha nani, na ni wangapi wanaoitumia? Akijibu kwamba ni ya kampuni, jua itazimwa. Akitaka akaunti yako na nywila ili aviweke kwenye mashine yake, mkumbuke Sunbird. Na akitaka alama za Mac yako, mpe za ile kuukuu isiyokuwa na kazi, usimpe za kompyuta unayoitegemea kila siku.